Faini ya Mikutano Sita

Walikuja Alhamisi saa kumi, mabati yakiwa bado ya moto,
wanawake wanne na daftari moja.
Mama mdogo alikwisha kuwaambia majirani
kwamba niko Geita kwa shangazi,
nami nilikuwa chumba cha nyuma,
dirisha limezibwa kwa gunia la pumba,
nikiwasikiliza wale wengine, wasio na miguu,
wanaoingia bila kugonga.

Hawa waligonga.

Kwandu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akavaa miwani yake iliyofungwa uzi,
akalamba kidole, akatafuta ukurasa wangu.
"Nyanzobe Lugembe. Mikutano sita hukuhudhuria.
Mia tano kila mmoja, elfu tatu.
Na kufuli."

Kufuli. Nikakumbuka.
Sanduku letu lina kufuli tatu na walinzi watatu,
hakuna afunguaye peke yake.
Ufunguo wa kati ulikuwa wangu.
Asubuhi ile pale mwaloni, Kirumba,
niliwaambia wauza dagaa kwamba ziwa limeniita
kwa jina langu la ubatizo.
Nikapanda jiwe, kitenge kikabaki chini,
nikautupa ufunguo kadiri mkono ulivyoweza.
Watu walicheka. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu.
Ufunguo ulizama bila kelele,
kama kitu kilichokuwa na haraka zake.

"Fundi alikata ile ya zamani kwa elfu mbili,
mpya ni elfu sita.
Jumla elfu kumi na moja. Utalipa kidogo kidogo."

Mama mdogo akaangua kilio: mnamdai mgonjwa?
Mimi nikacheka,
cheko langu mwenyewe,
nisilolisikia tangu mvua za vuli.
Maana marehemu hatozwi faini.
Aliyefutwa daftarini hatozwi.
Mganga alimtoza pepo wangu mbuzi,
mwombaji akamtoza siku saba za kufunga;
wote walimdai mpangaji.
Kwandu alimdai mwenye nyumba.

Nisiwapake sukari, hawakuwa malaika.
Mama Shija alichukua hisa zake akahama kikundi,
akasema wazimu na fedha havilali kitanda kimoja.
Tabu alinitazama mikono
kila niliposogea karibu na sanduku.
Na Holo, aliyenipandisha Bugando mara ya kwanza
kwa nauli ya mfuko wa jamii,
alizungumzia bei ya mafuta ya taa kilima kizima
kwa sababu hakujua aseme nini.
Nayashukuru hadi leo yale mafuta ya taa.

Dawa hukausha mdomo. Asubuhi ulimi ni kipande cha gunia.
Saa tatu usiku Holo hunibipu:
mlio mmoja, umemeza?
Nami namrudishia mmoja, nimemeza.
Siku niliyonyamaza
alikuja na kandambili zisizofanana, mvua ikimpiga,
akalala mkekani, akakoroma mpaka alfajiri.
Hakuniuliza neno. Nami sikuwa na neno.

Wale wasio na miguu hawajahama.
Huja zaidi upepo ukivuma kutoka Ukerewe.
Nimewaambia tu, Alhamisi sipo.

Mwezi uliopita nililipa mia tano ya mwisho.
Kwandu akagonga muhuri, akauliza:
nani anakubali Nyanzobe arudishiwe ufunguo wa kati?
Mikono ikainuka.
Mkono wa Tabu ulianza kwa kukuna shingo,
ukachelewa pale,
kisha nao ukapanda.

Nauvaa kifuani, kwenye uzi wa nyavu.
Nikienda mwaloni kupima dagaa
nasimama hatua kumi kutoka majini.
Si kwa woga.
Kufuli mpya ni elfu sita.